Komwe Moja ya Mzee Mfaume

"Daktari namjua," Mwinjuma alisema bila kuinua macho kutoka kwenye bao. "Karani namjua. Mwalimu ndiyo usiseme, alinichapa mpaka nikaacha shule. Sasa huyu wako, Bwana Mfaume, akishamaliza huko Kampala atakuwa nani?"

"Anasomea siasa," Mzee Mfaume alijibu, akalivuta neno lile ili walio nyuma nao walisikie.

"Kwani siasa inasomwa?"

"Inasomwa. Na mwisho wake anapewa shahada."

"Haya basi. Sie hapa tunagombana bure miaka yote, kumbe kuna wenzetu wanapewa shahada!"

Baraza zima likaangua kicheko. Ilikuwa Ijumaa, watu wa kijiji cha Mbuchi wametoka kusali, na wanaume walikuwa wamejazana barazani kwa Abdulkarimu wakisubiri jua lipungue ndipo warudi kwenye mpunga. Hakuna aliyemcheka Muhidini kwa ubaya. Alikuwa mtoto wa kwanza wa visiwa vile vya mikoko kufika chuo kikuu, na kila mtu pale alijihesabia kidogo katika jambo hilo. Lakini Mzee Mfaume hakuwa mtu wa kuchekwa. Alikuwa na maneno mengi, alikuwa na majivuno, na miaka yote hiyo alitembea kifua mbele kwa ajili ya kijana huyu mmoja.

"Waeleze, mwanangu," alisema. "Waeleze hawa wasiojua."

Muhidini alikuwa amekaa pembeni ya mkeka, suruali yake ya kijivu imepigwa pasi. Chuoni alikuwa kijana mkimya. Watoto wa machifu kutoka bara walizungumza kwa sauti kubwa, walimu Waingereza waliwajua kwa majina, na yeye alikaa nyuma akiandika. Leo watu wazima wote hawa walikuwa wamegeuza shingo kumtazama. Akaanza kueleza. Akasema elimu yake inauliza mtu anapata wapi haki ya kuwaamuru wenzake, na haki hiyo anaipotezaje. Akasema habari za kura, namna kila mtu anavyoingia peke yake, mwanamume kwa mwanamke, akachagua bila kuonwa na mtu. Akasema siku si nyingi Mwingereza ataondoka, na watu watakaobaki lazima wajue kuchagua.

"Taratibu, bwana mdogo," Abdulkarimu alimwonya. "Bwana Shauri wa Utete ana masikio marefu."

Mzee Mfaume hakusikia onyo. Alikuwa amesimama, macho yake yenye ukungu yakitafuta nyuso za watu. "Basi na tupige kura hapa hapa!" alisema. "Tuipigie kura ngoma, nani awe nayo. Mjionee wenyewe anachosoma mwanangu!"

Watu wakanyamaza. Hata Mwinjuma aliacha komwe mkononi asiteremshe. Muhidini alidhani ni heshima.

* * *

Serikali ilikuwa na jumbe wake, aliyekusanya kodi na kuandamana na Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa wilaya, alipokuja kukagua mikoko. Ngoma ilikuwa ya watu. Aliyekuwa nayo ndiye aliyepanga zamu za kulinda mpunga, nani apande dungu lipi la kulindia na siku gani, na kila jioni alipoipiga, walinzi waliacha walichokuwa wakifanya wakaenda kuwasubiri nguruwe na viboko. Mzee Mfaume alikuwa nayo tangu Muhidini hajazaliwa.

Siku hizi aliipiga kwa kuchelewa, maana macho yalikuwa yanakwisha na hakuona jua linapozama. Msimu uliopita alisahau kabisa kumpanga mlinzi upande wa mjane Mwamvua. Nguruwe wakaingia, wakamaliza mpunga wote. Badala ya kumpa pole, alimkaripia mbele ya watu kwamba hakupiga kelele. Mwamvua alikula mihogo ya kuombwa mwaka mzima. Tangu siku hiyo watu walikuwa wameshapatana, pole pole, nyumba kwa nyumba, bila kikao.

Mbuchi ngoma hainyang'anywi. Inaazimwa. Mpunga ukishavunwa, mtu anayetakiwa na watu humwendea mwenye ngoma asubuhi, akamwambia, "Naomba niazime ngoma, nina shughuli nyumbani." Mzee huitoa. Mwazimaji hairudishi, na mwenyewe haiulizi. Msimu mwingine ukianza, ngoma inalia kutoka nyumba nyingine, na mzee anaendelea kukaa mbele siku ya wali wa kwanza, anaendelea kuitwa mwenye ngoma mpaka anazikwa. Safari hii angekwenda Abdulkarimu. Watu wote walijua isipokuwa Mzee Mfaume mwenyewe, na mwanawe, ambaye tangu utoto alikuwa kwenye shule za bweni na kijiji alikijua kwa likizo.

Mama yake, Mwajabu, alimwambia jioni ile ile, akipepeta mchele huku baba akiwa nje akipiga ngoma.

"Muhidini, baba, hayo mambo ya kura waambie ulikuwa unatania."

"Kwa nini, mama? Baba mwenyewe ndiye kataka."

"Baba yako anataka kukuonyesha weye kwa watu. Ngoma ina njia yake." Akamweleza habari ya kuazima, kwa sauti ndogo, akiangalia mlangoni.

Muhidini alimsikiliza mpaka mwisho. Maskini, alimsikiliza kama mtu anayechukua mfano wa kupeleka darasani. "Huko ni kumzunguka mzee, mama," alisema. "Mtu ana haki ya kujua kama watu wanamtaka ama hawamtaki."

"Haki ya nani? Yake ama yako?"

"Na watamtaka. Mbona kila anachosema wanamjibu tumesikia?"

Mwajabu akaacha kupepeta. Alitaka kusema kwamba tumesikia si tumekubali, kwamba hilo hata mtoto wa hapa analijua. Lakini huyu alikuwa mtoto aliyesoma, aliyekuja na viatu vya ngozi, na yeye hakuwahi kushika kalamu. Akaona haya kumfundisha. Akaurudia mchele wake.

* * *

Kura ilipigwa Jumapili kwenye kibanda cha kuwekea makasia. Muhidini alipanga kila kitu mwenyewe. Vyungu viwili viliwekwa ndani juu ya ubao, kimoja kimefungwa kitambaa cheupe shingoni, hicho cha Mzee Mfaume, kingine hakina kitambaa, cha Abdulkarimu. Mwinjuma alitoa komwe za bao lake, na kila mtu akapewa moja. Utaingia, utatumbukiza, utatoka.

Abdulkarimu alikataa tangu asubuhi. "Mie sigombani na Bwana Mfaume. Andika jina la mtu mwingine."

"Hugombani naye, mzee wangu. Lakini bila wawili huo si uchaguzi."

"Basi usiwe uchaguzi."

"Anaogopa!" Mzee Mfaume akadakia huku akicheka. Alikuwa amevaa kanzu yake ya Idi. "Mwacheni, anaogopa kuaibika!" Abdulkarimu alimtazama kwa huruma, akanyamaza, na kunyamaza kwake kukachukuliwa kuwa amekubali.

Mzee alitaka Muhidini naye apewe komwe, kwani si mtu wa Mbuchi? Muhidini akaipokea, akaiinua watu waione. "Msimamizi hapigi kura," alitangaza, na akaitia mfukoni. Alilisema kwa fahari, na wazee wakatikisa vichwa kwa adabu.

Watu waliingia mmoja mmoja, wanaume kisha wanawake. Mwamvua aliingia akatoka upesi. Aliingia Bushiri, mtu mrefu, mkavu, ambaye hakuwa amesalimiana na Mzee Mfaume kwa miaka kadhaa kwa ajili ya mnazi mmoja uliosimama mpakani mwao. Aliingia Mwajabu, kanga imemfunika mpaka puani. Mzee Mfaume mwenyewe aliingia kwa kupapasa, akatoka akitabasamu.

Walipokwisha wote, Muhidini akaingia kuvitoa vyungu. Akanyanyua chenye kitambaa cheupe, kikawa chepesi. Akaingiza mkono. Alipapasa chini, akapapasa pembeni, akakiinamisha kuelekea mwanga wa mlango. Chungu kilikuwa kitupu.

Nje alimsikia baba yake akisema, "Huyo atachelewa, ana kazi ya kuhesabu zangu!"

Kijana aliona aibu ambayo hajapata kuiona. Alijionea aibu yeye mwenyewe, akamwonea na mama yake, na kila mtu aliyekuwa nje ya mlango ule. Alikuwa amesoma juu ya serikali zilizoanguka na wafalme waliofukuzwa, na hakuna ukurasa uliomwonyesha mzee mwenye kanzu ya Idi akisubiri chungu kitupu. Akatia mkono mfukoni. Akaitoa komwe yake, akaidondosha ndani, ikagonga udongo kwa sauti aliyodhani kijiji kizima kimeisikia.

Akatoka na vyungu vyote. Akamimina chenye kitambaa kwanza. Komwe moja ikabingirika mkekani, ikasimama. Kisha akamimina cha pili, na zikamwagika nyingi mpaka nyingine zikatoka nje ya mkeka.

Watu wakaitazama ile moja. Kila mmoja alijua yeye hakuiweka, na msimamizi alikuwa ameshasema hapigi. Basi ilibaki kuwa ya mtu mmoja tu.

"Angalau kajipenda mwenyewe," Mwamvua akasema.

Alisema kwa sauti ya chini, lakini kicheko kikamtoka mtu nyuma, kikawatoka na wengine, wakazibana midomo kwa kanga na viganja. Mzee Mfaume alicheka nao, kwa kuwa hakuona mkekani kuna nini. "Ngapi?" aliuliza. "Ngapi, mwanangu? Sema kwa sauti."

"Moja, baba."

"Moja imezidi?"

"Moja tu."

Abdulkarimu alikuwa ameinamisha kichwa. "Huu ni mchezo wa vijana," alisema. "Ngoma ibaki palepale ilipo." Lakini Mzee Mfaume alikuwa ameshageuka kuelekea nyumbani. Akarudi na ngoma kifuani, akijikwaa kwenye mizizi, hataki kushikwa mkono, akaiweka miguuni pa Abdulkarimu mchana kweupe, mbele ya wanawake na watoto.

"Ningekuja kuiazima, Bwana Mfaume," Abdulkarimu alisema, karibu kulia. "Wallahi, ningekuja mwenyewe."

Mzee alisimama kidogo. Alikuwa mtu wa Mbuchi, aliyaelewa maneno yale mara moja, na ndipo alipojua kwamba hata kabla ya kura mambo yalikuwa yameshakwisha.

* * *

Jioni, kwa mara ya kwanza, ngoma ilisikika ikitoka upande wa pili wa kijiji. Ndani kwa Mzee Mfaume sahani ya wali ilikaa katikati, mkono wa mtu haujaenda.

"Mwanangu," mzee aliuliza, "huko chuoni, wanawafundisha habari za yule aliyeshindwa? Jioni ya siku ile anakwenda wapi?"

"Hawajatufundisha, baba."

"Mkifika hapo unijulishe." Hakusema kwa hasira. Akamgeukia mkewe. "Mama Muhidini, ile moja ni yako?"

Mwajabu angeweza kusema ndiyo, na dunia isingemlaumu. Lakini alikuwa hajapata kumdanganya mumewe. "Mie nilitaka upumzike," alisema. "Umeanguka mara ngapi ukitoka kupiga ngoma ile? Nilitaka upumzike tu, baba Muhidini." Akafunika uso.

"Na mie nilimpa Abdulkarimu," mzee alisema. "Mtu mzima anajichagua mwenyewe? Niliona haya." Mara uso wake ukapata uhai. "Kwa hiyo kuna mtu! Si mie, si weye. Katika watu wote wale kuna mmoja alinitaka."

Muhidini akaushika mdomo wake kwa mkono. Ilikuwa nafasi ya kusema. Aliiona nafasi ile, aliijua kabisa, akachukua tonge la wali akaliweka mdomoni.

Kuanzia kesho yake Mzee Mfaume alianza kumtafuta mtu wake. Alipita na fimbo nyumba kwa nyumba, akisalimia, akikaa, akiuliza habari za watoto kwa majina. Hakuuliza waziwazi. Alisema tu, "Kuna mtu kanifanyia jambo, Mungu atamlipa," kisha akatega sikio. Alikwenda hata kwa Mwamvua, akamwomba radhi kwa ule mpunga na kwa maneno aliyomkaripia, jambo ambalo ngoma ilipokuwa kwake hakulifanya. Mwamvua alilia. Lakini akiondoka tu, watu walitazamana. Wao walijua, au walidhani wanajua, kwamba komwe ile aliiweka mwenyewe na sasa anazunguka kumtafuta aliyeiweka. "Mzee kachanganyikiwa," Mwinjuma alisema barazani, na safari hii hakuna aliyecheka. Watoto walimfuata nyuma wakiinua kidole kimoja.

Muhidini aliviona vidole vile. Aliacha kwenda barazani, akaacha kuvaa viatu. Vitabu alivyokuja navyo alivirudisha sandukuni, na mama yake alipomuuliza mbona hasomi, alisema kichwa kinamuuma.

* * *

Siku mbili kabla ya kuondoka kwake, baba yake alirudi nyumbani mbio mbio, fimbo ikigonga ukuta.

"Nimempata! Ni Bushiri!"

"Bushiri?" Mwajabu akashangaa. "Mtu asiyekusalimia?"

"Huyo huyo! Nilikuwa nawatafuta wanaonichekea. Kumbe mtu anayenichukia waziwazi ndiye pekee anayeweza kunipa haki yangu. Nimemwendea na jogoo. Nimemwambia, najua ni weye, na mnazi uchukue, ni wako na wa wanao. Hakukataa. Aliinama tu, mkewe akachinja, tukala." Machozi yalikuwa yakimtiririka, na hakujali. "Tumeshikana mikono, Muhidini. Ugomvi wa miaka yote ile umekwisha. Kura yako imefanya kazi, mwanangu. Kawaambie walimu wako."

Usiku Muhidini hakulala vizuri. Asubuhi aliamka na nia ya kumwambia, akamkuta baba yake na Bushiri wamekaa kwenye gogo moja, wakisubiri uji. Nia ikamtoka.

Bushiri ndiye aliyejitolea kumvusha kwa mtumbwi wake mpaka ng'ambo, ambako angepata njia ya Kibiti na lori la Dar es Salaam. Mwajabu alimfungia mchele wa njiani, akamshika uso kwa mikono miwili. Mzee Mfaume alimsindikiza mpaka tope la ukingoni, akamwombea dua, akamwambia Bushiri, "Nitunzie huyo, ndugu yangu."

"Nitamtunza," Bushiri alijibu.

Walipita katikati ya mikoko, Bushiri akisukuma kwa pondo, mti wake mrefu. Hawajafika mbali, Bushiri akaacha kusukuma, mtumbwi ukawa unakwenda wenyewe kidogo kidogo.

"Mie sikumpigia baba yako," alisema.

"Najua, mzee wangu."

"Nimekula jogoo wake. Nimechukua mnazi. Alinishika mkono akalia, nikashindwa kusema. Ungeweza weye?"

"Nisingeweza."

"Basi ni nani? Niambie, nijue nimekalia nafasi ya nani."

Muhidini alitazama maji. "Ilikuwa yangu," alisema. "Niliiweka baadaye, nilipokuta chungu kitupu."

Bushiri akamkazia macho. Alikuwa mtu mzima, mwenye wajukuu, na uso wake mkavu uliingia haya kama wa mtoto. "Kwa hiyo katika sie wote," aliuliza, "hata mmoja?"

"Hata mmoja."

Waligeuka wote wawili. Mzee Mfaume alikuwa bado amesimama kwenye tope, mkono juu, akipungia upande ambako mtumbwi haukuwepo.

"Mpungie," Bushiri alisema.

"Haoni."

"Mpungie hivyo hivyo."

Muhidini akainua mkono, na Bushiri akaweka pondo chini akainua wa kwake. Wakampungia mpaka mikoko ilipowafunika.